Halua Kidoleni

Ile insulini ya haraka anayotumia Ami kwa kisukari chake hupigwa nusu saa kabla ya kula. Siku ya harusi pale Langoni, Lamu, alisikia harufu ya biriani, akajidunga yuniti 12, akarudi kugawa halua. Hakujua kwamba biriani inamngoja bwana harusi, naye bwana harusi yuko mashuani kutoka Matondoni, maji yamekupwa, wamekwama mchangani.

Saa moja na nusu baadaye Ami anatoka jasho, vidole vinatetemeka. Hiyo ni adrenalini: sukari imeshuka. Asiye na kisukari, kongosho lake lingepunguza insulini na kutoa glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, ini likafungua akiba yake ya sukari. Lakini insulini ya sindano ikishaingia haisikii la mtu. Na ubongo ukikosa sukari, mtu huanza ugomvi. Ami akamzuia punda uchochoroni.

"Wewe! Hujui kupisha wazee?"

Punda akatikisa masikio. Ami akataka aitiwe mwenye punda, kisha mzee wa mtaa.

Nikampima sukari: milimoli 19.2 kwa lita. Shangazi akaruka. "Si niliwaambia imempanda? Mdungeni nyingine!"

Nikakitazama kile kidole. Kinang'aa halua. Sukari ya kwenye ngozi huchanganyika na tone la damu, kwa hiyo tulikuwa tumeipima halua. Nikakiosha kwa sabuni, nikakikausha vizuri, maana maji nayo huzimua damu, nikadunga tena: 2.8. Chini ya 3.9 imeshuka, chini ya 3.0 hapana mzaha.

Mmoja akaleta kipande cha halua. Ina samli tele, na mafuta hulichelewesha tumbo kushusha chakula. Binamu akaja mbio na soda. Nikasoma chupa: haina sukari.

"Kwani si ana kisukari?" akanijia juu.

Basi vijiko vinne vya chai vya sukari, bapa, ndani ya nusu gilasi ya maji: kama gramu 15. Alikuwa bado anameza. Angezimia, tusingemtia kitu kinywani. Shangazi alihesabu kila kijiko huku akisoma dua. Dakika 15, nikapima: 4.6. Sahani ya biriani ikachopolewa jikoni kabla ya bwana harusi kufika, kwani insulini ile hukaa mwilini saa 6 hadi 8, ingemrudisha kwa punda.

Ami akala, akafuta mdomo, akaiona ile soda.

"Nipe hiyo isiyo na sukari. Nyinyi hamjui kama mimi ni mgonjwa?"