Msimbo wa QR: Tuujaze Zaidi au Tuupunguzie Mzigo?

Katika duka moja la viungo pale Marikiti, Mombasa, pakiti ya bizari hubandikwa karatasi yenye msimbo wa QR usiozidi upana wa kidole gumba. Muuzaji huishika kwa vidole vilivyokolea manjano, na simu ya mteja huusoma vivyo hivyo. Pakiti hiyo yatosha kuipima hoja ya wanaotaka misimbo inayochapishwa ibebe data nyingi zaidi.

Msimbo huu, uliobuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave, una kikomo. Toleo lake kubwa kabisa, lenye miraba midogo myeusi na myeupe 177 kwa 177, hubeba baiti 2,953 (baiti moja hutosha herufi moja ya kawaida), na hapo ni kwa kinga dhaifu kuliko zote, inayofidia takribani asilimia 7 ya uharibifu. Ukitaka kinga ya asilimia 30, hubaki baiti 1,273. Mraba mmoja ukiwa na milimita 0.4, msimbo mzima hufikia upana wa sentimita 7, mbali na ukingo mweupe unaouzunguka. Pakiti ya bizari ingefunikwa uso mzima.

Hata hivyo, wanaodai nafasi zaidi hawadai bure. Msimbo uliobeba anwani ya tovuti peke yake haumfai mtu asiye na intaneti, na seva ikizimwa hugeuka pambo. Cheti au hati ya mzigo ikibeba maelezo yake yote pamoja na saini ya kidijitali, huhakikiwa hata mtandao ukikatika. Njia inayovutia zaidi ni rangi, kwani mraba wa nyeusi au nyeupe hubeba biti 1, yaani sehemu ya nane ya baiti, ilhali unaochagua kati ya rangi 8 hubeba biti 3. JAB Code, uliotoka Ujerumani na kupewa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 23634 mwaka 2022, hufuata njia hiyo, tena huchapishwa pamoja na sampuli za rangi zake ili kisomaji kilinganishe.

Lakini turudi kwa vidole vya muuzaji. Doa la manjano juu ya mraba mweupe haliusumbui msimbo wa kawaida, kwa kuwa kinachopimwa ni giza na mwanga tu. Katika msimbo wa rangi, njano yenyewe ni data. Sampuli husaidia pale jua linapozipausha rangi zote kwa pamoja, ila doa halina adabu hiyo, huangukia linapotaka. Kwa maoni yangu, rangi zifae hati zinazochapishwa na kusomwa ofisini, si bidhaa za sokoni.

Isitoshe, nafasi tuliyo nayo twaipoteza. Maandishi ya herufi kubwa huweza kupangwa kwa biti 11 kila herufi mbili badala ya 16, na Kiswahili, kisicho na alama juu ya herufi zake, huingia humo bila taabu, isipokuwa ng'ombe na jamaa zake, maana ritifaa haimo katika alama 45 zinazokubaliwa. Pakiti yetu yahitaji jina la bidhaa, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Msimbo wa miraba 29 kwa 29, wenye kinga ya asilimia 15, hubeba herufi 61 za aina hiyo, na hapo nafasi hubaki.