Tulimjua Lufufu, Hatukumjua Aliyeandika

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, nimesimama, mkono juu kwenye bomba. Redio ikatangaza kwamba Lupita Nyong'o amepata Oscar. Gari zima lilishangilia. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya samaki alisema, "Mtoto wetu huyo," na hakuna aliyejali kwamba Lupita ni wa Kenya na sisi tuko Dar es Salaam.

Usiku uleule wa kule Los Angeles, kwa filamu ileile ya 12 Years a Slave, mtu mwingine alipanda jukwaani kuchukua sanamu yake. Anaitwa John Ridley. Ndiye aliyekaa na simulizi ya Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akaigeuza kuwa maneno ya kuigizwa. Redio haikumtaja. Mimi wakati huo nilikuwa tayari naandika skripti za tamthilia, na jina la Ridley nilikuja kulijua wiki kadhaa baadaye. Jambo hilo lilinichoma, na mpaka leo linanichoma.

Vijana wanaotaka kuandika filamu hunijia na swali moja: "Kaka, wa Hollywood filamu yake ikivuma si ndiyo ametoka kimaisha?" Naona tumeshika swali kwa upande usio wake. Filamu kuvuma ni jambo moja, na mwandishi wake kula, kulala na kuitwa tena kazini ni jambo lingine. Kinachomweka mwandishi mjini ni jina lake kukaa mahali pake kwenye filamu, mkataba aliotia saini, na wenzake walio nyuma yake siku mambo yakiharibika. Mauzo ya tiketi yanakuja mbali baada ya hayo.

Nimekulia Tanga, Ngamiani. Kibanda umiza chetu kilikuwa na mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni na televisheni iliyowekwa juu ya kreti za soda. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Lufufu, akitutafsiria na kutuongezea chumvi pale alipoona picha imepoa. Tulimjua steringi, tulimjua adui, tulimjua Lufufu. Aliyeandika hadithi hakuwemo kabisa vichwani mwetu. Tuliona kama picha imejizaa.

Katika Predator, picha ya Schwarzenegger ya mwaka 1987 tuliyoitazama mpaka mkanda ukaanza kukwaruza, kuna komando mwembamba mwenye miwani, mpenda utani. Ndiye wa kwanza kuuawa katika kikosi chao. Tulimcheka kwa kufa mapema. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba yule ni Shane Black, na kwamba mwaka uleule wa 1987 ndipo ilipotoka Lethal Weapon, ambayo aliiandika yeye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu na kuiuza kwa dola 250,000.

Nakaa kwa Black kidogo, maana maisha yake ya kazi yanajibu swali la wale vijana kuliko takwimu yoyote. Lethal Weapon ilivuma, studio ikataka ya pili. Black akaandika ya pili ambayo shujaa wake, Riggs, anakufa mwishoni. Mtoto yeyote wa kibanda umiza angemwambia: steringi hafi! Studio nayo ilimwambia hivyohivyo kwa lugha yao, kwa sababu maiti haitoi sehemu ya tatu. Black akaondoka, kazi ikamaliziwa na mwandishi mwingine, Riggs akaishi, na filamu zikafika nne. Mtu aliyemzaa mhusika hakuwa na uwezo wa kuamua kama atakufa au ataishi. Hapo ndipo panaponiuma. Skripti ikishanunuliwa, mwenye mali ni studio.

Baadaye Black aliuza The Last Boy Scout kwa dola milioni 1.75, kisha mwaka 1994 akauza The Long Kiss Goodnight kwa dola milioni 4, kiasi ambacho hakuna aliyewahi kulipwa kabla yake kwa skripti ambayo mtu anaiandika kwanza bila kuagizwa, kisha anatafuta mnunuzi. Magazeti yaliandika bei kuliko yalivyoandika hadithi. Filamu ilipotoka mwaka 1996 haikufikisha hata dola milioni 35 katika kumbi za Marekani, na gharama ya kuitengeneza ilikuwa karibu mara mbili ya hizo. Bei ile kubwa ikageuka mzigo shingoni. Ikapita miaka tisa bila filamu mpya yenye jina lake.

Aliporudi mwaka 2005, alirudi na kifilamu cha gharama ndogo, Kiss Kiss Bang Bang, akaandika na kuongoza mwenyewe. Mauzo yalikuwa haba. Lakini mwigizaji mkuu alikuwa Robert Downey Jr., ambaye naye siku zile alikuwa anajaribu kusimama tena. Downey akawa Iron Man, na ilipofika sehemu ya tatu, Black ndiye aliyekabidhiwa kuongoza na kuandika pamoja na Drew Pearce. Mwaka 2013 ikauza zaidi ya dola bilioni 1.2 duniani.

Sasa wewe unayepima waandishi kwa mauzo, niambie Black alipanda lini na kushuka lini. Skripti iliyolipwa rekodi ndiyo iliyomfungia milango. Filamu ambayo haikuuza ndiyo iliyomfungulia. Aliyemkumbuka ni mtu aliyefanya naye kazi akaona anajua.

Kuna mfano mwingine unaotuhusu hata sisi, kwa kuwa steringi wake ni mwana wa mfalme wa Kiafrika. Coming to America ya mwaka 1988, ya Eddie Murphy na nchi yake ya Zamunda, iliingiza zaidi ya dola milioni 280. Mwandishi wa magazeti Art Buchwald alikuwa amewauzia studio ya Paramount wazo la mtawala wa Kiafrika anayefika Marekani, miaka mitano kabla. Akaenda mahakamani. Mwaka 1990 jaji akakubali kwamba filamu ilitokana na wazo lake. Mkataba ulimpa sehemu ya faida halisi, na Paramount wakajibu kwamba faida halisi haipo. Soma tena hapo. Dola milioni 280, na faida hakuna!

Hesabu ilikwenda hivi: kwenye mapato unatolewa ujira wa usambazaji, zinatolewa gharama za matangazo, zinatolewa gharama za uendeshaji wa studio kwa asilimia iliyopangwa, inatolewa riba ya fedha ambazo studio imejikopesha yenyewe, halafu mastaa waliosaini kupata sehemu ya mapato ghafi wanachukua chao kabla yako. Wewe uliyesaini faida halisi unasubiri chini ya mnazi ambao dafu zake zote zimeshapanguliwa. Jaji aliviita baadhi ya vipengele hivyo vya kuonea kupita kiasi. Mwaka 1992 Buchwald akapewa dola 150,000 na mtayarishaji mwenzake 750,000. Tangu nilipoisoma kesi hiyo, nikisikia kijana anaambiwa "tutakupa asilimia ya faida," moyo unanidunda.

Ndiyo maana natetea jambo ambalo wengi huliona dogo, ule mstari wa jina. Kule Marekani studio haina neno la mwisho kuhusu nani ataandikwa kuwa ndiye mwandishi. Kukiwa na ubishi, chama cha waandishi, Writers Guild of America, huteua waandishi watatu wasome rasimu zote. Wasomaji hao hawaoni majina, wanaona Mwandishi A, Mwandishi B, Mwandishi C. Wanapima nani alileta nini, na mwandishi wa kwanza wa skripti ya kubuni hapokonywi kabisa nafasi yake kwenye hadithi hata kama waliomfuata walifumua sehemu kubwa. Hata alama zina maana. Ukiona alama ya & katikati ya majina mawili, kama kwa Ryan Coogler & Joe Robert Cole wa Black Panther, ujue waliandika bega kwa bega kama timu. Ukiona neno "and" limeandikwa kwa herufi, ujue mmoja alikuja baada ya mwenzake. Kwenye mstari huo ndipo yanapofungwa malipo yanayoendelea kumfikia mwandishi kila filamu inapouzwa tena kwa televisheni, kwa diski, kwa mitandao ya kulipia. Jina likikosekana, malipo hayo hayaji.

Na wapo wasiofikiwa na ulinzi huo. Mtazame Simba wetu, mwenye jina la Kiswahili. Linda Woolverton ni mmoja wa waandishi watatu wa The Lion King ya mwaka 1994. Kabla yake alikuwa ameandika Beauty and the Beast, mwanamke wa kwanza kuandika filamu ndefu ya katuni ya Disney. Kazi hizo za katuni hazikuwa chini ya mkataba wa chama cha waandishi, hivyo malipo ya kila filamu inaporudiwa hayakuwahusu. Mwaka 2019 Simba akatengenezwa upya, ikauzwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Mimi nilikwenda kuitazama, nikalia mahali palepale nilipolia utotoni. Machozi hayo yalipangwa na mtu mezani miaka 25 nyuma, na naona ni dhuluma kwamba tiketi yangu haikuwa na hata senti yake. Woolverton huyohuyo peke yake aliandika Alice in Wonderland ya mwaka 2010, iliyovuka dola bilioni moja. Muulize yeyote aliyeiona akutajie jina lake.

Mwaka 2023 waandishi kama 11,500 waliweka kalamu chini kwa siku 148, kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27. Huku kwetu wengi waliona ni matajiri wanadai zaidi. Si kweli. Alex O'Keefe, mmoja wa walioandika tamthilia ya The Bear, alikwenda kupokea tuzo ya chama chake akaunti yake ya benki ikiwa inasoma hasi, na tai ya shingoni ameichukua kwa mkopo. Tamthilia ambazo zamani zilikuwa na vipindi 22 kwa msimu zimekuwa na vinane au kumi, kwa hiyo wiki za kazi zimepungua, na bima ya afya ya chama inamtaka mwandishi afikishe kipato fulani kwa mwaka. Unaweza kuwa na jina kwenye kazi inayosifiwa dunia nzima na bado ukakosa bima.

Mgomo ulipoisha walipata jambo ambalo halikuwahi kuwepo: kazi ikitazamwa na asilimia 20 ya wateja wa kulekule Marekani wa mtandao husika katika siku 90 za mwanzo, mwandishi anaongezewa nusu ya malipo yake ya marudio. Pia akili bandia haihesabiwi kuwa mwandishi. Hayo hakuyapata nyota mmoja aliyevuma. Waliyapata wote kwa pamoja, kwenye jua, na mabango mikononi.

Mimi niliwahi kuandika vipindi 13 vya tamthilia kwa mtu ambaye sitamtaja. Tulikubaliana kwa mdomo, chai ikiwa mezani. Kilipoanza kurushwa, nilimwita mke wangu tukae tutazame. Majina yakapita. La mpishi wa kambi lilikuwepo, na alistahili. Langu halikuwepo. Nilipompigia yule bwana alisema, "Ndugu yangu, si ulishalipwa?" Sikuwa na karatasi wala chama cha kukimbilia. Tangu siku hiyo siandiki hata ukurasa mmoja kabla ya saini.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja likizo, na yeye anataka kuandika filamu. Wakati wa kula nilimweleza habari za Black, za yule wa Zamunda na za ile alama. Usiku tukaiweka Predator kwenye kompyuta. Alipotokea yule komando mwenye miwani nikasimamisha picha.

"Huyu ni mwandishi," nikamwambia.

"Wa picha hii, mjomba?"

"Hii waliandika wengine. Ndugu wawili, wa tumbo moja."

Akanyang'anya kompyuta, akairudisha mwanzo kwenye majina, akasogeza polepole mpaka akawapata, Jim Thomas na John Thomas. Akaweka kidole kwenye kioo, katikati ya majina mawili.

"Hawa walikaa meza moja," akasema.