John Ray: imani ilimfungua macho au ilimfumba?

Mwaka 1607 kasisi mmoja wa London, Edward Topsell, alitoa kitabu kinene cha wanyama wa miguu minne. Sehemu kubwa aliichota kwa Conrad Gesner, tabibu wa Zurich, akaongeza mahubiri yake. Humo yumo mnyama wa pembe moja kwenye paji la uso, na Topsell anamtetea kwa hoja moja: Maandiko yamemtaja, basi yupo.

Mwaka 1678 kikatoka kwa Kiingereza kitabu cha ndege cha Francis Willughby, kilichokamilishwa na rafiki yake John Ray, Mwingereza mchunguzi wa mimea na wanyama, baada ya Willughby kufariki. Dibaji yake ni kali. Ray anasema ameacha kando mafumbo, ngano, ramli za ndege, mafunzo ya maadili na lolote lililo la teolojia. Alichobakiza ni ndege mwenyewe: mdomo, manyoya, kucha, kilichokutwa tumboni.

Ukiishia hapo utasema hadithi ni ile tunayoijua, sayansi imemtoa kasisi mlangoni. Tatizo ni kwamba Ray naye alikuwa kasisi. Mwana huyu wa mhunzi wa Black Notley, Essex, alipewa daraja mwaka 1660. Miaka miwili baadaye aliacha nafasi yake katika chuo cha Trinity, Cambridge, kwa sababu sheria mpya ilimtaka atamke kwamba kiapo fulani cha kidini cha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza hakiwafungi watu waliokiapa. Yeye hakuwa amekiapa. Alikataa tu kuwaambia wengine kwamba kiapo ni maneno matupu. Na mwaka 1691 mwandishi huyuhuyu aliyefukuza teolojia kwenye ndege alichapa kitabu kuhusu hekima ya Mungu inayodhihirika katika kazi za uumbaji, kikasomwa karne nzima iliyofuata.

Wanaosema dini ilijenga historia asilia ya Uingereza, yaani elimu ya kuchunguza viumbe, wana hoja nzito hapa. Kama kila kiumbe ni kazi ya Mungu, basi hakuna kiumbe cha kudharau, na kiwavi anastahili saa zako kama tai. Ray aliishi hivyo hasa. Uzeeni, miguu ikimuuma kwa vidonda, aliwafuga viwavi nyumbani na mabinti zake wakimletea wengine. Usiku mmoja nondo jike alikuwa ametoka kwenye pupa, ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, ndani ya kizimba chake, dirisha likiwa wazi. Mke wake aliingia chumbani kwa bahati akakuta nondo dume wawili wanazunguka, akawakamata. Ray aliandika kwamba, kwa maoni yake, madume hao walivutwa kutoka nje na harufu ya jike. Mtu asiyeamini kwamba nondo ana maana asingejisumbua kuandika sentensi hiyo.

Alikataa pia dhana ya kawaida kwamba dunia yote inayoonekana iliumbwa kwa ajili ya mwanadamu peke yake. Wanaodhani teolojia ya zamani ilikuwa ya kumtukuza binadamu tu wamsome hapo.

Upande wa pili nao hauna maneno ya kubahatisha. Unasema: mtu aliyeanza na jibu hawezi kuuliza swali sawasawa. Ukishaamini kila kiungo kimetengenezwa kwa hekima, utapata hekima popote utakapochungulia, na jicho litakupa ushahidi uleule mara elfu. Ni kweli kwamba kurasa nyingi za kitabu cha 1691 zinachosha kwa namna hiyo. Unajua aya itakavyoishia kabla hujafika katikati.

Ila lawama hiyo ikibaki ya jumla haimpati Ray. Inampata mahali pamoja, na mahali hapo panafaa kuangaliwa kwa karibu. Ray alishika fundisho kwamba uumbaji ulikamilika mwanzoni: hakuna aina mpya inayoongezeka, wala ya kale inayopotea. Nusu ya kwanza ilimfaa sana. Wakati wengi waliamini funza huzuka kwenye nyama inayooza, yeye alisema huko kungekuwa kuumba upya, na Mungu alishamaliza kuumba. Francesco Redi wa Italia alikuwa ameshafunika nyama kwa kitambaa na kuonyesha, mwaka 1668, kwamba bila mayai ya nzi hakuna funza. Teolojia na jaribio vilikubaliana, na Ray alikuwa sahihi.

Nusu ya pili ilimnasa. Kwenye miamba ya Uingereza kulikuwa na maganda ya mawe yaliyojiviringa kama pembe ya kondoo, mengine mapana kama gurudumu, na hakuna mvuvi aliyewahi kuvua mnyama wake. Ray alielekea kuamini kwamba yalikuwa mabaki ya viumbe halisi, kwa sababu yalifanana mno na maganda ya baharini. Kama ni hivyo, wenyewe wako wapi? Akajibu kwamba huenda bado wanaishi katika bahari za mbali au vilindi visivyofikiwa. Mwaka 1695 alimwandikia Edward Lhwyd wa Oxford, mchunguzi mwenzake wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, akikiri kwamba visukuku hivi vinaleta mfululizo wa matokeo yanayoonekana kutikisa simulizi ya Maandiko kwamba dunia bado ni changa. Mlango aliuona. Hakuuingia.

Mimi nawapa ushindi wanaosema imani ilimsaidia, lakini siwapi kila kitu. Katika barua ile Ray anasema wazo la kutopotea kwa aina yoyote lilishikwa na wanateolojia na wanafalsafa pia, wala si bila sababu nzuri. Ulikuwa urithi wa mawazo kuhusu ulimwengu uliojaa bila pengo, na Kanisa liliukuta ukiwa umeshakaa. Mtu aliyeuvunja, akionyesha Paris mwaka 1796 kwamba tembo wa kale wa visukuku hawakuwa tembo wa leo, alikuwa Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama, naye pia alikuwa Mkristo, Mlutheri.