Maili 40 kwa Saa, Pale Pale

Kilichoniponza ni kromu. Nilipoziona zile rimu za spoku kwa muuza vikuukuu mmoja hapa Oxfordshire, spoku 72 kila moja, zinameremeta kama sinia la harusi, sikuuliza hata zimetumika miaka mingapi.

Gari ni MGB, kigari cha michezo cha Kiingereza, ya wazi, viti viwili. Aliyekuwa nayo kabla yangu aling'oa injini yake ya silinda 4, cc 1798, akapachika V8, yaani ya silinda 8, ya Rover, cc 3528. Nikiiwasha, vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Sasa, kiwanda chenyewe kilipotoa MGB ya V8 mwaka 1973 kiliinyima rimu za spoku, kwa kuhofia nguvu ya injini ile. Hilo nililijua. Nikasema wale walikuwa waoga.

Shemeji yangu, aliyekulia kwenye baiskeli na spana kule Tanga, akaja kunisaidia. Rimu hizi unazichomeka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye meno, kisha unakaza nati moja kubwa ya katikati, yenye masikio, kwa kuipiga nyundo ya shaba. Upande wa kulia hukazwa kinyume na wa kushoto. (Nilipiga robo saa nzima nikidhani nakaza. Nilikuwa nafungua.) Shemeji akapenyeza kidole ndani ya rimu, akapapasa.

"Shemeji, meno haya yamechongoka kama ya papa. Yamelika."

"Humo ndani nani ataona?" nikamjibu, nikayapaka grisi tele.

Jumamosi tukatoka kwenda harusini Oxford. Mama Asha kajipamba, sufuria la pilau kalipakata. Nilipotoka rivasi na kuingiza gia ya kwanza, nyuma kukalia "ko!"

"Nini hicho?"

"Injini inakohoa."

Tukafika Abingdon, mji ule ule zilikotengenezwa MGB, taa zikatusimamisha. Zikawa kijani. Nikakanyaga mafuta, V8 ikanguruma, watu wakageuka, nami nikanyoosha shingo. Mama Asha akatazama mshale wa spidi, akatazama nje.

"Baba Asha, tunakwenda maili 30. Mbona duka la maua bado lipo hapa?"

Nikakanyaga zaidi. Maili 40. Duka la maua lipo.

Mtoto wa baiskeli akatupita.

Meno ya tairi la nyuma kushoto yalikuwa yamekwisha kabisa. Habu ilizunguka ndani ya rimu kama mwiko kwenye uji, na difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, kama kawaida yake, ikamwaga nguvu yote upande ule usio na kazi. Mshale wa spidi nao hupata habari zake kwenye giaboksi; mambo ya tairi haujui.

Mzee mmoja akavuka barabara, akasikiliza injini. "V8?" Nikaitikia. Akainama akaziona spoku, akacheka mpaka akashika nguzo ya taa. Alipopata pumzi akatusaidia kulisukuma gari kando, angali anafuta machozi.

Tukapanda basi. Mimi nilibeba sufuria, grisi hadi viwikoni. Abiria wakainusa pilau hadi Oxford.

Shemeji alikuwa keshafika, na kigari chake cha rimu za chuma.

"Mmechelewa. Mlikuja mwendo gani?"

"Maili 40," Mama Asha akaniwahi. "Mpaka tulipoona tunachelewa, tukapanda basi."