Mtoto kachora siwa, kapigwa mkasi

Juzi usiku binti wa ndugu yangu alinijia na daftari lake, machozi yakimlengalenga. Walikuwa wameambiwa wachore nembo ya mji wao. Wenzake walichora punda, wengine jahazi. Yeye alichora siwa, lile baragumu kubwa la heshima la wazee wetu, kwa sababu wiki iliyopita nilimpeleka makumbusho hapa Amu, yaani Lamu, akasimama mbele ya kile kioo mpaka nikamshika mkono kumtoa. Aliichora vizuri: ule mpindo wake, mdomo ulivyopanuka, hata tundu la kupulizia, ambalo liko ubavuni wala si nchani. Juu yake mwalimu amepiga mkasi mwekundu, na pembeni ameandika: "Hii ni pembe. Chora nembo."

"Ami, kwani siwa si yetu?"

Ni yetu, mwanangu. Na nimekasirika, sitaficha.

Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipepea pwani hii mpaka Desemba 1963. Kabla yake Amu haikuwa na mfalme. Ilikuwa na wazee wake wa makundi mawili, Zena na Suudi, wakiushika mji kwa zamu. Ni baada ya vita vya Shela, walipowapiga Wapate wa kisiwa jirani na Mazrui, watawala wa Mombasa, ndipo wakamwita Seyyid Said wa Omani, aliyehamia Unguja baadaye, awalinde, akaleta liwali wa kumtawalia mji, na ngome ya Amu ikamalizwa mnamo 1821. Miaka yote hiyo, aliyetaka kujua mamlaka yako wapi hakuinua macho kutafuta kitambaa juu ya mlingoti. Alitega sikio. Siwa ikilia, mji mzima ulijua kuna jambo, na ni jambo la nani.

Ziko mbili pale makumbusho. Ya Amu ni ya shaba. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ndefu kuliko mtu mzima akisimama, na hiyo ndiyo iliyomshika mtoto. Nilimpa kisa chake palepale, kama Wapate wanavyokisimulia. Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando. Siwa ya ufalme hakuipata. Hakwenda kulia mlangoni kwa mfalme. Alimwita Mwenyi Bayayi, fundi hodari wa kuchonga, akamtaka amtengenezee siwa yake mwenyewe, kwa siri. Siku ya siku ikatolewa, ikapulizwa, watu wakatoka majumbani kuitazama na kutuza. Baadaye hata koo nyingine ziliweza kuiazima kwa ada. Mwanamke alinyimwa heshima ya mwanawe, akaagiza heshima ichongwe upya. Mtoto wa miaka kumi alilielewa hilo mara moja, na hilo ndilo alilolichora.

Najua nitakalojibiwa. Siwa ilikuwa ya waungwana. Ni kweli, na inaniuma kuikubali. Ilipulizwa kwa arusi na majando ya watu wa majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani. Waliolima mashamba ya bara kama watumwa hawakupuliziwa siwa walipooa wala walipozikana, na wajukuu wao ni majirani zetu leo, wengine ni damu yetu wenyewe. Basi na hayo tuwaambie watoto, mbele ya kioo kilekile. Tuwaambie nani alipuliziwa na nani alinyimwa. Tukiiondoa siwa kwa sababu ina aibu ndani yake, tutakuwa tumeiondoa na ile aibu, na waliotendewa hawatakuwa wamepata chochote. Leo siwa haina mwungwana wa kuizuia. Ni ya kila aliyezaliwa kisiwani, na mimi ningependa kuisikia ikipulizwa kwa arusi ya binti wa mchukuzi wa mawe.

Punda nampenda. Amebeba kila jiwe la nyumba hizi. Jahazi nalo limewalisha babu zangu. Lakini tangu mji uingizwe katika urithi wa dunia mwaka 2001, hivyo viwili vimechapwa kwenye kila fulana na kila kikombe cha kuuziwa mgeni, mpaka tumeanza kujitazama kwa macho ya mgeni. Mgeni huona punda kwa sababu punda yuko njiani. Siwa lazima mwenyeji amwonyeshe. Mwenyeji mwenyewe akiiita pembe, nani atamwonyesha?

Mwalimu simlaumu sana. Pengine naye alipokuwa mdogo hakuna aliyemshika mkono akampeleka.

Mchoro hatukuufuta. Jana baada ya magharibi binti alikaa chini ya taa, akaandika kwa kalamu ya wino chini ya ule mkasi: "Siwa ya Pate. Aliitaka Mwana Darini, akaichonga Mwenyi Bayayi." Kesho asubuhi nitafuatana naye hadi shuleni, nimwombe mwalimu tufuatane sote watatu makumbusho siku atakayopata nafasi. Tikiti yake nitalipa mimi.