Punguza kula au fanya mazoezi? Hizi kambi mbili zinajibu maswali tofauti

Siku hizi ukikutanisha watu wazima watano hapa Dar mada ya afya ikaguswa tu, hazipiti dakika kumi washagawanyika. Kuna hawa wa "punguza kula", wanakwambia ugali ndio unaotumaliza, acha wanga, ruka chai ya asubuhi, kula mara moja au mbili kwa siku inatosha. Halafu kuna hawa wa mazoezi, wenye raba na tisheti za jogingi klabu, wao wanasema babu zetu walikula ugali sinia zima na presha hawakuijua, tatizo letu tunakaa mno, kwa hiyo wewe kula ushibe ila jasho litoke.

Kambi ya kwanza imepata nguvu sana kwa video za Profesa Mohamed Janabi, yule daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaenda Muhimbili, na 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Kwa miaka kadhaa amekuwa akizunguka na somo lake la kupunguza kula na kupunguza sukari, na vipande vya video vinatembea kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka vijijini. Kambi ya pili nayo ina mizizi yake, mnakumbuka mwaka 2016 Rais Samia akiwa Makamu wa Rais ndiye aliyezindua ile kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na toka hapo vikundi vya jogingi vimeongezeka kila kona.

Ubishi wenyewe una maana kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari na kama robo hivi wana presha, na hiyo ni zaidi ya miaka kumi nyuma. Leo angalia ukoo wako tu, lazima yupo wa vidonge vya presha, yupo anayejitoboa kidole kila asubuhi kupima sukari, na kuna familia zimeuza kiwanja kwa ajili ya dialisisi, kusafishwa damu baada ya figo kufeli. Kwa hiyo mtu akishika ushauri nusu nusu, gharama yake inaonekana.

Mimi nilivyoliangalia hili jambo, naona hizi kambi zinagombana kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Ukiuliza kitambi kinatoka wapi na kinaondokaje, jibu liko kwenye sahani, karibu lote. Ukiuliza moyo, sukari kwenye damu, na kuweza kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono ukiwa na miaka 75, hapo miguu ndiyo yenye neno.

Tuanze na sahani maana hapo watu wa mazoezi huwa hawapendi kusikia. Nenda Jumamosi alfajiri barabara za Temeke au Mbagala utawaona, tisheti za rangi moja, mmoja mbele anaimbisha wengine wanaitikia, vijana, akina mama, wazee wa makamo, inapendeza kabisa na moyo unafurahi. Sasa wafuate mpaka mwisho wa safari. Saa mbili asubuhi kundi zima liko kwenye supu, bakuli limejaa mafuta ya kuelea, chapati mbili mbili, na soda baridi juu kwa sababu "tumeshakimbia". Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anaunguza kalori 350 hivi. Chapati moja ya kukaangwa inakaribia 250, na soda ya chupa ya mililita 350 ina gramu kama 37 za sukari, yaani vijiko vya chai tisa, kalori karibu 150. Piga hesabu mwenyewe, chapati mbili na soda tu, supu bado, umeshapita ulichokimbia na umebaki na ziada. Halafu baada ya miezi sita anashangaa mbona tumbo liko pale pale na anaona mazoezi ni uongo.

Tena ushahidi mzuri kabisa wa hili umetoka hapa hapa nyumbani, kwa Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi. Mwanasayansi wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe kwa siku na wakachapisha matokeo mwaka 2012. Ungetegemea wawe wanaunguza maradufu ya mtu wa ofisini, wanaume wanatembea porini kuwinda na kurina asali, wanawake wanachimba mizizi juani na mtoto mgongoni. Walichokikuta, ukishazingatia ukubwa wa mwili, ni kwamba hawapishani kitu na Mmarekani anayeshinda kwenye kiti. Inaonekana mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi sehemu nyingine, kwa hiyo huwezi kuongeza mazoezi tu ukategemea kilo zishuke kwa mstari ulionyooka. Wahadzabe hawana vitambi, ila sababu kubwa iko kwenye wanachokula na kiasi kinachopatikana.

Na upande wa kisukari, mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Uingereza unaitwa DiRECT, waliwachukua watu wenye kisukari aina ya pili wakawalisha vinywaji na supu maalumu za kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, baadaye wakawarudisha taratibu kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi kwenye hali nzuri bila dawa, na kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa zaidi ya wanane katika kumi. Silaha kubwa pale ilikuwa kupungua kwa kula kidogo. Kwa hiyo hawa wa "punguza kula" wana hoja nzito, wasichekwe.

Lakini sasa na wao wanapoenda mbali mpaka kusema mazoezi hayana kazi, hapo wananipoteza. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, watu wa mtaa mmoja na hali moja ya maisha. Makonda walipata magonjwa ya moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata walikuwa na nafuu ya kupona. Wakaja wakaangalia mpaka saizi za suruali za sare zao, na bado konda mwenye tumbo alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye tumbo kama lake. Hapo ndipo utaona miguu inafanya kazi yake hata kiuno kisipopungua. Sisi wenye daladala tunaelewa haraka zaidi, mwangalie dereva na konda wa Gongo la Mboto uniambie nani anatembea.

Na wale wale Wahadzabe, utafiti mwingine wa 2017 ulikuta wanatumia zaidi ya saa mbili kila siku kwenye shughuli za kuchangamsha mwili, na presha zao na mafuta ya damu yako vizuri hata wakizeeka. Yaani porini pale pale pana ushahidi wa kambi zote mbili.

Sababu yenyewe haina ugumu. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, ile homoni ya mwili inayoshusha sukari, inaposhindwa kufanya kazi vizuri, ndiyo maana kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula kunashusha ule mruko wa sukari kuliko kujilaza kwenye kochi. Ukiacha mazoezi kabisa ukabaki na kufunga kula tu, unapungua kilo sawa, ila sehemu ya zile kilo ni msuli, na msuli ukishapotea uzeeni kuurudisha ni shughuli. Nimeona watu wamekonda ghafla kwa kula mara moja kwa siku, suruali zinawavuka, wanasifiwa, lakini ngazi za ghorofa mbili wanapanda wanahema.

Sasa kuna hili la "ugali ni sumu". Hapa ningeomba tuwe wakweli. Gramu 200 za unga wa sembe ni kalori kama 700, na mtu mzima mwenye njaa anamaliza huo ugali na zaidi bila kujiuliza, na mboga pembeni vijiko viwili vya kulowekea. Kwa mtu aliyeshinda na jembe ile ni mafuta ya safari. Kwa mtu aliyeshinda kwenye kiti cha ofisi, akaja na bodaboda mpaka mlangoni, ule ugali hauna pa kwenda. Kwa hiyo ile hoja ya babu zetu ni kweli nusu, walikula ugali ndio, mara nyingi wa mtama, ulezi au dona, lakini walilima na walitembea, halafu soda ilikuwa ya Krismasi na Idi. Huwezi kuchukua sahani ya babu ukaacha jembe lake.

Ila kuacha wanga wote nako hakujathibitika kuwa ndio njia pekee. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua watu 609 wakawagawa, wengine wapunguze wanga wengine wapunguze mafuta, mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018: wote walipungua kilo 5 hadi 6 kwa wastani, tofauti hakuna ya maana. Kilichowaunganisha ni kwamba wote waliambiwa waache sukari na unga uliokobolewa, waongeze mboga, wapike nyumbani. Mimi hilo limenikaa sana, maana ni kitu kinachowezekana kwa mama ntilie. Ukisema "mama, ugali nipunguzie nusu, matembele na maharage niongezee", wengi wanakuwekea kwa bei ile ile. Ile dayati ya mayai manne, parachichi na nyama choma kila siku ni nzuri kwa mwenye nazo, lakini kumwambia fundi anayelipwa kwa siku, ana watoto wanne, kwamba ugali ni sumu bila kumwambia ale nini badala yake, huko ni kumuongezea hofu tu. Dagaa wapo, maharage yapo, kisamvu, bamia, mchicha, na wala sio ghali.

Kuna jambo lazima nilisisitize kwa sababu linaua. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge kama glibenclamide, akiona video leo na kesho akaacha wanga au akaanza kufunga huku dozi iko vile vile, sukari inashuka mpaka anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kuzimia asiamke. Dawa ile ilipangwa kwa chakula alichokuwa anakula. Kwa hiyo kama una mzazi wa hivyo na anataka kubadilisha ulaji, ni wazo zuri sana, lakini daktari wake ajue kwanza ili apunguziwe dozi. Wanaorusha zile video fupi huwa wanakata hicho kipande, na hapo ndipo nawalaumu, sio kwenye somo lenyewe.

Nikilazimishwa kuchagua nianze na kipi, kwa mwenye kitambi nasema sahani, na kwenye sahani nianze na vya kunywa: soda, juisi za pakiti, enaji, chai ya vijiko vinne. Hapo hujagusa hata ugali na tayari umepunguza sukari nyingi. Lakini yule mwembamba anayejiona yuko salama kwa sababu hana tumbo, huku anatoka kitandani kwenda kwenye gari kwenda kwenye kiti, huyo namwambia atembee, maana presha haichagui wanene tu. Na utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 juu ya kuzuia kisukari kwa watu walioko ukingoni uliunganisha vyote, kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari ikashuka kwa asilimia 58, wakati dawa ya kisukari ya metformin ilishusha kwa 31. Dakika 150 ni nusu saa mara tano kwa wiki. Jumamosi moja kwa mwezi haifiki hapo hata karibu, pamoja na uzuri wake wote.

Na hapa ndipo sisi wote, wa sahani na wa raba, tunanyamaza wakati tungepaswa kupiga kelele. Hiyo nusu saa mtu ataitembelea wapi? Chukua mama anayeuza genge, anafunga saa mbili usiku. Barabara ya mtaani kwake haina njia ya waenda kwa miguu, iliyopo imejaa meza za biashara na magari yaliyopaki, bodaboda zinapita kote kote, taa hakuna, na mwanamke peke yake gizani anaogopa kukabwa. Uwanja ambao watoto walikuwa wanachezea mpira umeshajengwa fremu. Mwenye nazo analipia jimu au anaendesha gari mpaka Coco Beach akakimbie, huyu mama tunamwambia ni mvivu. Madiwani wanapokuja kuomba kura watu wanauliza maji na zahanati, na ni sawa, lakini waulizwe pia hizo njia za miguu na taa zinakuja lini, na nani aliuza ule uwanja.