Dakika za mwisho ziwe za Reed Sheppard

Mechi nyingi za nyumbani za Houston Rockets, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, huanza saa kumi alfajiri kwa saa za huku Kisumu, kwa hiyo wengi wetu huamka tukakuta zimeshaisha. Tunachopata ni vipande kwenye simu, ndani ya matatu asubuhi, au Jumamosi jioni tukiwa kando ya uwanja wa saruji tukisubiri zamu ya kuingia. Na msimu huu wa 2025-26, ubishi unaotufanya tusahau hata zamu ni wa gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira) mmoja wa timu hiyo, Reed Sheppard, ambaye mara nyingi huingia akitokea benchi. Kuna wanaosema kijana anabaniwa, apewe timu aiendeshe. Kuna wanaosema hapo alipo panamtosha kabisa.

Mimi niko upande wa kijana. Lakini wanaopinga hawapingi kwa chuki, wana hoja nzito, na kusema kweli hoja zao ndizo zilizonisaidia kujua ni nafasi gani hasa anayostahili kupewa.

Kwa asiyemfuatilia: Sheppard alizaliwa Juni 2004 na ana urefu wa sentimita 188, kimo ambacho kwetu kingemfanya abanwe chini ya kikapu acheze na mibabe, ila kule NBA ni mfupi. Alicheza msimu mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Kentucky, walikosoma na kucheza wazazi wake wote wawili, na humo alitia asilimia 52.1 ya mitupo yake ya pointi tatu. Rockets wakamchukua wa tatu katika uteuzi wa mwaka 2024, ambapo timu za NBA hugawana wachezaji wapya. Kisha akakaa. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 52, kwa wastani wa dakika 12.6 na pointi 4.4. Timu ilikuwa inashinda, ikamaliza na ushindi 52, na kocha Ime Udoka hakuona sababu ya kuharakisha mambo.

Septemba 2025, kabla ya msimu kuanza, gadi mkuu Fred VanVleet alikatika kano ya goti. Mpira ukakabidhiwa Amen Thompson, kijana mrefu mwenye mbio za ajabu, akisaidiwa na Kevin Durant aliyetoka Phoenix pamoja na Alperen Şengün, jitu la Uturuki linalopiga pasi kama gadi. Sheppard akaongezewa dakika, zikapita 20 kwa mechi, lakini mara nyingi akabaki wa kutokea benchi. Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto.

Hoja kuu ya kumwongezea nafasi haihusu pointi anazofunga yeye. Inahusu nafasi anayowafungulia wenzake hata asipogusa mpira. Chukua kipande chochote ambacho Şengün amepokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, kisha uache kumtazama Şengün. Mtazame anayemkaba Thompson. Thompson hatupi vizuri kutoka mbali, na kila mtu anajua, kwa hiyo mkabaji wake humwacha peke yake pembeni, anarudi nyuma hatua tatu nne, anasimama katikati ya eneo la ndani mikono juu. Şengün akigeuka, anakuta watu wawili. Steven Adams, jitu jingine la Houston, akiwa uwanjani pia, wanakuwa watatu, maana Adams naye kazi yake iko chini ya kikapu. Durant akijaribu kupenya kutoka upande wa pili anakuta msongamano huohuo.

Sasa tazama akiingia Sheppard. Anayemkaba yeye hawezi kurudi nyuma hata hatua moja. Utamwona amemwekea mkono kiunoni, kichwa kinageuka huku na huku, mguu mmoja unataka kwenda kumsaidia mwenzake na mwingine unaogopa. Hatua hiyo moja anayosita ndiyo Şengün anayoihitaji. Timu hii ina nguvu, ina urefu, na kwa kugombea ribaundi (mipira iliyokosa kuingia) za kikapu cha wapinzani ndiyo iliyoongoza NBA msimu wa 2024-25. Kilichopungua ni watu wa kuogopwa wakiwa mbali. Ukiwa na mtu wa namna hiyo kisha ukamweka benchi karibu nusu ya mechi, umeificha bidhaa iliyo adimu dukani kwako.

Tena si mtupaji tu. Pale Kentucky aliiba mipira 2.5 kwa kila mechi, na mikono hiyo haijapotea. Pasi zake anazitoa mapema, kabla mkabaji hajajipanga.

Mashabiki wake hupenda kutaja usiku mbili. Machi 2025, wakubwa walipopumzishwa, aliwatia Oklahoma City pointi 25. Mwishoni mwa Novemba 2025 akawatia Golden State 31, kwao San Francisco, Durant akiwa hayupo, na Houston wakashinda 104 kwa 100. Ni usiku nzuri, na mimi nilifurahi kama yeyote, lakini sipendi kuzitumia kama ushahidi. Usiku ambao wakubwa hawapo unaonyesha mtu anaweza kufanya nini mpira wote ukiwa wake. Houston haitampa mpira wote, wala haipaswi kumpa. Swali ni afanye nini Durant na Şengün wakiwepo.

Upande wa pili niliuelewa vizuri kwa mwalimu mmoja wa michezo wa huku kwetu, aliyefundisha vikapu shuleni kwa miaka mingi na ambaye vijana wote uwanjani humwita Mwalimu hata wasiopita darasani kwake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Wewe unahesabu anazofunga. Mimi nahesabu wanazofungwa kupitia kwake." Akachukua chupa za maji, akazipanga kwenye saruji ili nione.

Alichonionyesha ndicho kinachotokea kila mechi ikikaza. Timu pinzani haihitaji kumshinda Sheppard uso kwa uso tangu mwanzo. Inamtafuta mtu anayekabwa na Sheppard, hata kama ni mchezaji wa kawaida kabisa, inamwita aje aweke skrini kwa nyota wao, yaani asimame kumzuia njia mkabaji wa nyota huyo. Udoka anapenda wachezaji wake wabadilishane watu: skrini ikiwekwa, wewe chukua wangu nami nachukua wako, ili asibaki mtu huru. Mfumo huo unafaa sana ukiwa na watu warefu watano. Ukiwa na mfupi mmoja, basi kila skrini inamleta nyota mbele ya yule mfupi. Mwalimu akasukuma chupa ndogo mbele ya ile kubwa. "Sasa anayesaidia ni nani? Akija huyu, kona iko wazi."

Na hayo hayahitaji kukisiwa. Katika mtoano wa 2025 Houston ilicheza mechi saba na Golden State ikatolewa, na Sheppard hakuaminiwa dakika za maana. Kocha aliona mapema kitakachotokea Stephen Curry, nyota wa Golden State, akianza kumwita kwenye skrini. Ufunguzi wa msimu huu, Oklahoma City iliposhinda 125 kwa 124 baada ya nyongeza mbili, ulionyesha tena kwamba wenye timu kali hawaoni haya kumwandama mdogo.

Kuna na jambo la pili ambalo wapinzani wake hulitaja kidogo, ingawa kwangu ni zito kuliko wanavyodhani. Mtupaji wa benchi hupata mitupo mizuri kwa sababu wengine wamemwandalia. Mpe uendeshaji wa timu, na yeye ndiye atakayekutana na yule mkabaji mwenye mikono mirefu kuanzia katikati ya uwanja. Mitupo ya kusimama na kutupa inageuka mitupo ya kukimbia na kutupa. Asilimia hushuka hata kwa walio bora. Machi 2024, Kentucky ilipotolewa na chuo kidogo cha Oakland katika raundi ya kwanza ya mashindano ya vyuo, Sheppard aliishia na pointi 3. Walimkaba hadi akatoweka.

Wanaompinga humtaja pia Jordan Poole, na wana haki. Alitokea benchi ya Golden State, msimu wa 2021-22 akapanda hadi wastani wa pointi 18.5 na kutwaa ubingwa. Nafasi ikawa kubwa, mkataba ukawa mkubwa. Mtoano wa 2023 timu pinzani zikamwandama kwenye ulinzi, mitupo ikakataa, na mwaka huohuo akauzwa Washington.

Mimi humtaja Tyrese Maxey. Kimo chake ni kilekile cha Sheppard. Naye alitoka Kentucky baada ya msimu mmoja. Msimu wake wa kwanza Philadelphia alicheza kama dakika 15 kwa mechi. Mwaka uliofuata Ben Simmons akagoma kucheza, mlango ukafunguka, na Maxey akafikisha wastani wa pointi 17.5. Mwaka 2024 akatuzwa kuwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi NBA. Philadelphia hawakusubiri awe mkabaji mahiri ndipo wampe timu. Walimpa kwanza, wakamjengea ulinzi nyuma yake, wakimtegemea Joel Embiid, jitu lao la chini ya kikapu, kuziba pale anapopitwa. Kuumia kwa VanVleet kumeifungulia Houston mlango wa namna hiyohiyo, na ndiyo maana naumia nikiona unafunguliwa nusu.

Lakini nikimfikiria Udoka mwenyewe, naona kitu ambacho ubishi wetu huku huwa unakiruka. Huyu bwana, mwenye asili ya Nigeria kwa baba yake na aliyeichezea Nigeria kimataifa, alikuwa mchezaji wa San Antonio msimu wa 2007-08. Ndio msimu ambao Manu Ginóbili, gadi wa timu hiyohiyo, alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Ginóbili hakuwa wa akiba kwa udhaifu. Kocha Gregg Popovich alimwanzisha benchi ili aingie wapinzani wakiwa wamechoka na aongoze kikosi cha pili, na mechi ikibana alikuwa uwanjani hadi mwisho. Udoka aliyaona hayo chumba kimoja, kisha akarudi San Antonio kuwa msaidizi wa Popovich kwa miaka saba. Kocha aliyelelewa hivyo anajua kwamba kinachopima heshima ya gadi ni dakika gani anaaminiwa.

Hata Durant anaijua hadithi hii kwa upande wake mchungu. Alikuwa Oklahoma City pamoja na James Harden, gadi wa benchi aliyepewa tuzo ileile mwaka 2012. Oktoba mwaka huo timu ikamwachia aende, wapi kama si Houston, na huko akawa mchezaji bora wa NBA mwaka 2018. Harden alipoondoka kwenda Brooklyn mwaka 2021, Houston ililipwa haki za uteuzi, na mojawapo ndiyo iliyomleta Sheppard. Timu hii, kuliko nyingine yoyote, imeonja faida ya timu nyingine kutomthamini gadi wa benchi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sitaki Sheppard aanzishwe kwa lazima. Kikosi kirefu kianze, kiwachoshe watu kwa ribaundi, hilo linafaa. Nataka vitu viwili. Kwanza, kikosi cha pili kiwe chake kweli: mpira uwe mkononi mwake, na akipoteza mmoja asitolewe dakika hiyohiyo. Huku kwetu tunawaharibu vijana hivyo. Kijana wa miaka 17 anapoteza pasi moja, anaitwa nje, anakaa, akirudi anatoa mpira haraka kwa mkubwa kama vile unaunguza. Nimewaona wengi wakiacha kutupa kabisa, na wengine wakaacha mchezo.

Pili, robo ya nne, dakika tano za mwisho, awe uwanjani pamoja na Thompson, Durant na Şengün, tena sasa, wakati mechi ni 82 na kupoteza moja hakumwui mtu. Thompson aliingia kikosi cha kwanza cha ulinzi cha NBA, orodha ya wakabaji watano bora wa msimu, mwaka 2025. Amchukue nyota wa wapinzani. Sheppard apewe yule asiyetisha, asimame kona, na skrini ikija wenzake wapeane watu mapema kabla haijamfikia. Houston pia ilikuwa na ulinzi wa kanda, ambapo kila mmoja hulinda eneo lake badala ya mtu, msimu wa 2024-25, Adams na Şengün wakiwa nyuma, na kanda humficha mfupi kuliko mfumo wowote wa mtu kwa mtu. Mwalimu alipolisikia hili alitikisa kichwa akasema kanda ikipata watupaji wawili wazuri inapasuka. Ni kweli. Ndiyo sababu inabidi ijaribiwe Januari, ijulikane inapasukia wapi, kuliko kuijaribu Aprili mbele ya Curry au Oklahoma City, au kutoijaribu kabisa na kumrudisha benchi kama mwaka jana.

Ukiamka na kufungua vipande, basi, ruka mitupo yake mirefu. Nenda moja kwa moja dakika ya mwisho ya mechi iliyobana, tafuta kama yumo kati ya watano, kisha angalia amepewa kumkaba nani.